Fundi Rai bin Boga wa Waa, na Majina Mawili Aliyoyakwangua Kiooni

Karatasi hii imeandikwa kwa ajili ya hitima ya arobaini ya marehemu Fundi Rai bin Boga, iliyosomwa nyumbani kwake Waa, Jumapili tarehe 28 Septemba 1969. Aliyeiandika ndiye anayeisoma, naye ni Matano Salimu, mwana wa dada yake.

Kwetu hakuna desturi ya kumsomea marehemu maisha yake kwenye karatasi. Tunasoma Kurani, tunaomba dua, tunakula, kisha kila mtu anakwenda zake na lake moyoni. Mama yangu, Bi Mwanatumu binti Boga, ndiye aliyetaka leo iwe hivi. Amewaona jirani zetu Wakristo wakifanya, na aliponisikiliza hadi mwisho yale niliyomweleza siku ya pili baada ya maziko, alisema nami nitaandika. Shehe wetu ameruhusu kwa masharti mawili, nisome baada ya dua, na nisirefushe. Hilo la pili nitajitahidi.

Naanza kwa kusema kwamba naona haya. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani kwamba sauti yangu inatetemeka kwa huzuni peke yake.

Marehemu alizaliwa hapa Waa tarehe 14 Mfungo Sita mwaka 1330, yaani mwanzoni mwa Machi 1912. Tarehe hiyo iliandikwa na mwalimu wa chuo nyuma ya kitabu cha baba yake, Mzee Boga, aliyekuwa mkulima wa minazi na mihogo. Mama yake alikuwa Bi Waridi. Walizaliwa wawili tu waliokua wakawa watu wazima, yeye, na baada ya miaka minane Mwanatumu. Inasimuliwa kwamba alipokuwa mdogo hakuna ukuta uliokuwa salama mbele yake. Akipata kipande cha mkaa, ukuta wa jirani hupata kuku, mnazi au uso wa jirani mwenyewe, na fimbo zilizofuata hazikumfundisha lolote isipokuwa kukimbia.

Elimu yake ilikuwa ya chuoni. Alihitimu Kurani akiwa na miaka kumi na mmoja, na mwalimu wake alikuwa akimpa kazi ya kuwaandikia wenziwe mbao zao kwa sababu ya uzuri wa mkono wake. Shule ya serikali hakuisoma. Herufi za kizungu alijifunza kwenye madebe ya mafuta ya taa na masanduku ya chai, akizinakili moja moja bila kujua zinasema nini, na mpaka uzeeni aliandika herufi nzuri kuliko alivyozisoma.

Mwaka 1930 alikwenda Mombasa, akapokewa na fundi wa mabango ambaye duka lake lilikuwa karibu na Makadara. Huko alijifunza kazi iliyomjenga jina, ya kupaka picha na maandishi nyuma ya kioo. Nieleze kidogo, kwa sababu bila hilo sehemu ya baadaye haitaeleweka. Anayepaka kioo hupaka upande wa nyuma ili rangi isiguswe na mikono wala mvua. Kwa hiyo kila kitu huenda kinyume. Kinachoonekana mbele kabisa hupakwa kwanza, na cha nyuma kama mbingu na bahari hupakwa mwisho, juu yake. Ukisahau kitu cha kwanza, huna njia ya kukirudishia ila kukwangua yote. Herufi za kizungu nazo, zikiandikwa kwa nyuma, huanzia kulia kwenda kushoto. Wenzake wa pale dukani walikuwa wakishikwa na kichwa kwa jambo hilo. Yeye mkono wake ulikuwa umeizoea njia ya kutoka kulia tangu chuoni, na ndani ya mwaka mmoja fundi mkuu alimwachia vioo vyote.

Wakati wa vita alipaka namba kwenye magari ya jeshi. Mwaka 1946 alirudi nyumbani, na tangu hapo pwani yote ya kusini ilimjua. Alipaka vioo vya vitanda vya samadari ambavyo mabibi harusi wa Tiwi na Msambweni wanavilalia hadi leo, alipaka majina ya malori, alipaka madirisha ya maduka. Mwenye duka mmoja wa Ukunda alitoka nyuma ya kaunta, akaliona jina lake kinyumenyume kwenye dirisha, akamwita marehemu mlevi na kumfukuza. Marehemu hakubishana naye. Alimshika mkono kwa adabu, akamtoa nje mpaka barabarani, akamgeuza. Mwenye duka alisoma jina lake, akasoma tena, kisha akaagiza chai ya watu wawili.

Alimwoa Bi Esha binti Mselem wa Tiwi tarehe 9 Septemba 1938. Mahari alitoa kama watu wote, lakini zawadi iliyozungumzwa ni kitanda, ambacho vioo vyake kumi na viwili alivipaka mwenyewe, kila kimoja na ua lake, na hakuna maua mawili yaliyofanana. Bi Esha anasema kwamba walipogombana, marehemu alikuwa akikaa ukingoni mwa kitanda na kuyakosoa maua yale kwa sauti, akisema hili petali zake nzito, hili kijani chake kimezidi, mpaka yeye Bi Esha anacheka na ugomvi unakwisha. Walijaaliwa watoto watatu.

Mimi nilikuwa wa nne nyumbani mwao. Baba yangu alifariki nikiwa na miaka mitano, na mjomba alitusogeza mimi na mama kwenye kiwanja chake bila kuulizwa na mtu. Mwaka 1946 alinipandisha Kwale kwenda shule, tukitembea kutoka Kombani, amenishika mkono kwenye mlima wote ule kana kwamba ningeweza kuanguka. Nilikuwa na miaka kumi na niliona haya kushikwa mkono. Nilipoajiriwa kuwa karani wa Hoteli ya Mivinje huko Diani, mwaka 1958, alikwenda nyumba kwa nyumba kuwaarifu watu, na wengine wenu aliwaarifu mara mbili.

Sasa nafika kwenye kazi aliyoifanya mwaka 1963, ambayo kwa ufundi ni kubwa kuliko zote, na ambayo hamkuwahi kuisikia.

Pale hotelini, kwenye ukumbi wa mbele, palikuwa na mashine ya gololi. Ni sanduku refu la mbao lenye miguu minne, limeinama kidogo, na juu lina kioo. Mchezaji huvuta springi na kurusha gololi ya chuma, nayo inapanda na kushuka ikigonga vigingi, kengele zinalia, taa zinawaka, na namba zinajihesabu zenyewe. Upande wa kichwani husimama kioo kingine kilichopakwa picha, chenye taa nyuma yake. Mashine hiyo ilitoka ng'ambo zamani, ikauzwa na klabu moja ya Mombasa, na chumvi ya bahari iliimaliza. Waya zilikuwa zimeota ukungu wa kijani, mpira umekatika, ubao ambao gololi hupita juu yake umechubuka hadi kwenye mti, na picha ya kioo imebanduka nusu nzima. Meneja, Bwana Tindall, alitaka itengenezwe kabla ya karamu aliyopanga Jumamosi tarehe 7 Desemba, siku tano kabla ya Uhuru, la sivyo itolewe ikatupwe.

Nilimwambia namjua fundi. Sikumwambia ni nani kwangu. Hoteli ilikuwa na sheria kwamba mfanyakazi haruhusiwi kumleta ndugu yake kazini, na kwa muda mrefu nilijifariji kwa sheria hiyo. Ukweli ni kwamba miaka mitano nyuma, siku ya kuajiriwa, nilimwambia Bwana Tindall kwamba kwetu ni Mji wa Kale Mombasa, watu wa biashara tangu mababu, kwa sababu niliona lingempendeza. Lilimpendeza. Na mwaka ule wa Uhuru ilikuwa inasemekana kwamba meneja msaidizi ajaye atakuwa Mwafrika, na jina lililotajwa lilikuwa langu.

Marehemu alikuja katikati ya Septemba na mkoba wake wa brashi. Nilimweleza kwamba mbele ya wazungu asiniite mpwa, kwa ajili ya ile sheria. Aliona ni jambo la busara. Alipewa chumba kimoja nyuma ya jiko, na kwa mambo ya umeme alisaidiwa na Kenga, fundi wa jenereta, ambaye yumo hapa leo na ataweza kunisahihisha.

Walianza na matumbo ya mashine. Chini ya ule ubao mna swichi ndogo za sumaku zaidi ya thelathini, na kila moja ina ncha mbili ambazo lazima zigusane sawasawa. Marehemu alizisafisha moja moja kwa ukanda wa msasa laini uliokunjwa, akizihesabu kwa tasbihi ili asirudie. Koili zilizoungua Kenga alizisuka upya kwa waya wa shaba kutoka kwenye dainamo mbovu. Pete za mpira zilikatwa kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, zikajaribiwa, zikakatwa tena nyembamba, kwa sababu gololi ilikuwa ikidunda kwa nguvu na kuruka nje ya sanduku, na mara moja ilimpata Kenga kwenye meno. Ubao ulisuguliwa, ukapakwa rangi mahali palipochubuka, ukapigwa vanishi mara nne. Marehemu alikataa kupiga ya pili kabla ya kuilamba ile ya kwanza, akisema vanishi ambayo haijakauka ina ladha yake.

Kioo ndicho kilichochukua muda. Picha ya awali ilikuwa ya wanawake wa kizungu wanaocheza mpira ufukweni, na nguo walizovaa zingetosha kushona kofia moja. Nusu ya picha haikuwepo tena, kwa hiyo mwingine hana kichwa, mwingine hana miguu. Bwana Tindall alisema irudishwe ilivyokuwa. Marehemu alisema, kwa heshima zote, kwamba yeye ana mke, na mapaja ya watu asiowajua hataweza kuyapaka kwa miezi miwili halafu arudi nyumbani kula. Walivutana kwa siku mbili, nami nikiwa mkalimani. Mwisho walikubaliana kwamba wale wanawake watakuwa wametoka majini na wamejitanda kanga. Alizipaka zile kanga kwa brashi ya nywele tatu, pindo na maua yake, na mahali pa taa aliiacha rangi nyepesi ili mwanga upite kwenye maua. Nyuma yao aliweka ufuko wa Waa, na yeyote kati yenu angeutambua.

Alimaliza Jumatano tarehe 4 Desemba, akaniita nikione kioo kwa mbele. Mpaka siku hiyo nilikuwa nimekiona kwa nyuma tu, ambako hakuna cha kuona isipokuwa matabaka ya rangi. Nilisimama mbele yake nikifuata pindo za kanga moja moja. Kisha nikaona kwenye pembe ya chini, mchangani, herufi ndogo nyeupe zilizonyooka: *Rai na mpwawe Matano, Waa, 1963.*

Mnakumbuka nilivyoeleza kazi ya kioo. Kilicho mbele hupakwa kwanza. Kabla hajapaka kanga hata moja, kabla ya mchanga na bahari, siku ya kwanza kabisa alipokishika kioo kile, marehemu alikuwa ameliandika jina langu kando ya lake.

Nilimwambia jina langu litoke. Aliniuliza kama Bwana Mkubwa amelikataa. Bwana Mkubwa alikuwa hajakiona kioo. Nikamjibu, "Ndiyo, Mjomba. Amelikataa."

Alikigeuza kioo, akakilaza kwenye blanketi, akachukua wembe. Ili kulifikia jina ilimbidi aukwangue mchanga wote wa pembe ile na kipande cha bahari, kazi ya siku nne. Kenga aliuliza kuna nini, akaambiwa ni kosa la fundi. Nilisimama pale mpaka jina langu likaisha. Nikadhani ameshamaliza, lakini aliendelea na la kwake. Nikamwambia, la kwako liache, Mjomba, halina ubaya.

"Nililiweka ili lako lipate mwenzake," alisema. "Mimi mwenyewe sikuwa na haja nalo."

Aliupaka mchanga upya usiku kucha na siku iliyofuata. Rangi haikulingana sawasawa, na pale pembeni pakabaki weupe kidogo.

Siku ya karamu, saa kumi alasiri, ukumbi ulijaa wageni. Marehemu alikuwa ameoga na kuvaa kanzu yake ya Idi na koti, ila miguu ilikuwa mitupu, maana viatu alikuwa amevivua mlangoni kwa adabu ya mtu anayeingia nyumba ya watu. Hayo ndiyo makosa ambayo watu wetu hufanya. Hakuna mwingine ukumbini aliyekuwa peku. Bwana Tindall alivuta springi, gololi ikapanda, kengele zikalia, na taa zilipowaka nyuma ya zile kanga wageni wote walipiga makofi. Akamwita fundi mbele, akamshika mkono. Halafu akatuangalia sote wawili, maana nilikuwa nimesimama karibu nikitafsiri.

"Karani," alisema kwa Kiswahili chake kichache, "huyu mzee ndugu yako? Pua yenu moja."

Watu walicheka kidogo, kwa wema. Nami nilicheka pia. Kisha nikasema, kwa sauti ya kusikika, "Hapana, bwana. Huyu ni fundi tu, wa huko mashambani."

Marehemu alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwangu. Kiswahili kile alikielewa kila neno. Aliinamisha kichwa na kusema, "Kweli, bwana. Mimi ni fundi tu. Huyu Bwana Karani ndiye aliyenitafuta." Akaaga, akatoka, akavaa viatu vyake. Baadaye kidogo mgeni mmoja aliyekuwa na sinema Mombasa alinijia. Alitaka mtu wa kumpakia vioo na mabango yote ya jumba jipya, kazi ya mwaka au zaidi, akauliza fundi yule anapatikana wapi. Niliogopa kwamba akienda Waa ataambiwa huyo ni mjomba wa karani. Nikamwambia ni fundi wa kupitapita, sijui hasa anakokaa.

Sheria ya hoteli haikunilazimisha kusema hayo. Kuanzia pale ukumbini ilikuwa ni mimi tu, nikimwonea haya mtu kwa sababu ya nyayo zake, naye ndiye aliyenipandisha mlima wa Kwale.

Mwezi wa Januari 1964 nilifanywa meneja msaidizi.

Tangu siku ile marehemu hakuniita mpwa tena. Nilipokuja siku za Idi nikampa shikamoo, aliitikia marahaba kwa uchangamfu ule ule, akasema, "Karibu, Bwana Karani," na kumwambia Bi Esha amletee Bwana Karani kiti. Nilipopanda cheo sikupanda kwake, nilibaki karani. Nyumba nzima iliona ni mzaha wake mpya. Watoto walicheka, mama yangu alicheka, na mimi nilicheka nao kwa miaka sita. Sikujua kama ananiadhibu au ananitunzia siri. Hoteli iliuzwa mwaka 1965, Bwana Tindall akaenda kwao, ile sheria ikafutwa. Ningeweza kusema siku yoyote. Kila mwezi uliopita ulilifanya neno lenyewe kuwa gumu zaidi, na mimi nilikuwa mtu mwenye shughuli nyingi.

Yeye aliendelea na kazi zake za malori na samadari. Alivyozidi kuzeeka alichukua kazi ndogo ndogo, namba za nyumba, mbao za kaburi. Hakuwahi kuisema mashine ile kwa mtu, wala Kenga hakuisema, kwa sababu marehemu alimwomba asiiseme.

Maradhi yake yalikuwa ya kifua. Yalianza Machi mwaka huu kwa kikohozi ambacho yeye alikilaumu kwa vumbi la msasa, na tarehe 4 Agosti alilazwa hospitali ya Msambweni. Wauguzi walimtunza vizuri, na familia inawashukuru. Bi Esha na watoto walipokezana kukaa naye. Mimi nilikwenda Jumatano tarehe 20 Agosti, saa kumi, nikiwa bado nimevaa tai ya kazi. Alikuwa amelala kwa ubavu, amekonda, lakini mikono yake ilikuwa ile ile, na kucha zina rangi ya buluu.

Muuguzi alikuja na kitabu chake, akamuuliza mgonjwa mimi ni nani wake. Marehemu alifumbua macho. Akamwambia, kwa shida, kwamba mimi ni Bwana Karani wa Hoteli ya Mivinje, mtu mwema, nimekuja kumjulia hali.

Nikamwambia muuguzi, "Huyu ni mjomba wangu. Ndugu wa mama yangu, tumbo moja. Mimi ni mpwa wake."

Nililisema kwa nguvu kuliko nilivyokusudia, na wodi nzima ikageuka. Nilidhani atafurahi. Nilikuwa nimejiandaa hata kulia. Marehemu alinyoosha mkono, akanishika tai, akanivuta chini mpaka sikio langu likafika mdomoni mwake.

"Punguza sauti, Bwana Karani," alisema. "Mpishi wenu yupo kitanda cha tatu."

Nikageuka, na kweli alikuwa yeye, amelazwa kwa ajili ya mguu. Mjomba wangu alikuwa amelala pale siku kumi na sita akichunga asimwambie mpishi wetu yeye ni nani kwangu. Hapo nilijua kwamba hakuwahi kuniadhibu hata siku moja.

Nilimwomba radhi. Sijui kama alisikia, maana kikohozi kilimshika, na muuguzi akaniondoa. Alifariki alfajiri iliyofuata, Alhamisi tarehe 21 Agosti 1969, mwanawe Boga akiwa ameketi karibu yake, na akazikwa hapa Waa siku hiyo hiyo baada ya swala ya alasiri. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na saba.

Mama yangu nilimweleza siku ya pili baada ya maziko, kwenye baraza ya nyuma, na sikumficha lolote, hata yule mtu wa sinema. Alinisikiliza hadi mwisho. Alikuwa anakumbuka, nadhani, mara ngapi alicheka mwenyewe niliposalimiwa Bwana Karani. Nilitarajia anipige au alie. Aliniambia tu, "Utaandika, Matano. Na utasimama usome mwenyewe, watu wako wa hoteli wakiwepo."

Mashine ya gololi bado ipo ukumbini na inafanya kazi. Juma lile la maziko nilichukua brashi nikaandika jina la Rai bin Boga kwenye pembe ya kioo, mchangani, palipo peupe. Lakini niliandika kwa mbele, kwa sababu kuandika kwa nyuma siwezi, na asubuhi yake mfagizi alipita na kitambaa chake akalifuta pamoja na vumbi. Wala sikumlaumu. Jina la mtu halikai pale kwa kubandikwa mwishoni.

Kwa hiyo nimeliandika hapa. Basi la hoteli limewaleta wenzangu ishirini na mmoja, na mpishi wetu, ambaye mguu wake umepona, nimemwomba akae mstari wa mbele. Wenzangu, kwetu si Mji wa Kale. Kwetu ni hapa mlipoketi. Ile picha mnayoipangusa kila asubuhi, ambayo wageni huniuliza imetoka nchi gani, imetoka mkononi mwa mtu huyu, na kila walipouliza nilisema sijui.

Wanawe marehemu wamenisikia leo kwa mara ya kwanza, kama ninyi. Sikuwaomba radhi kwanza ili wasije wakalazimika kunipa kabla ya kujua wananisamehe nini.

Marehemu amemwacha mjane wake, Bi Esha binti Mselem, watoto watatu, Boga, Bimkubwa na Chiku, wajukuu saba, dada yake wa pekee, Bi Mwanatumu binti Boga, na mpwa mmoja, Matano.

Mola amrehemu na amlaze pema, Fundi Rai bin Boga, mjomba wangu.